Matunzo ya Motokaa: Mafuta ya Giaboksi Hayaungui; Yakipungua Yamevuja

Motokaa kuukuu ni mali yenye manufaa makubwa kwa mtu ajuaye kuitunza, na ni mzigo mzito kwa mtu asiyejua. Wenye magari hawasahau petroli, kwa sababu gari lisilo na petroli husimama papo hapo. Hawasahau maji, kwa sababu injini ikichemka kila mpita njia huona mvuke. Hata mafuta ya injini hukumbukwa, kwa kuwa kuna kijiti cha kuyapimia na taa nyekundu ya kumwonya dereva. Lakini kuna mafuta mengine ambayo, katika magari mengi ya zamani, hayana kijiti wala taa. Hayo ni mafuta ya giaboksi. Hukaa gizani chini ya sakafu ya gari, na yakipungua hakuna anayejua. Dereva husikia habari zake siku vyuma vinapoanza kulia, na siku hiyo mara nyingi huwa amekwisha kuchelewa.

Na ichukuliwe mfano wa mkulima mmoja wa Kinangop, mtu wa makamo, aliyenunua pikapu ya Peugeot 504 iliyokuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Fedha alizonunulia zilikuwa akiba ya miaka sita ya viazi na maziwa. Aliyemwuzia alimwambia maneno ambayo wauzaji hupenda kuyasema: "Gari hili halidai mafuta kamwe." Mkulima aliyasadiki. Kila mwezi alipima mafuta ya injini, akaosha gari, akajaza upepo magurudumuni. Mara mbili kwa juma alipakia kabichi Njabini, akapitia Magumu na kushika njia kuu ya kwenda Limuru hata Nairobi.

Baada ya miezi minane alisikia mlio mwembamba, mfano wa nyuki, katika gia ya pili na ya tatu. Akitia gia ya nne mlio ulikoma. Akajiambia kwamba, kwa kuwa unakoma, si ugonjwa. Jirani mmoja alimshauri atie mafuta mazito sana ili mlio uzimike. Mwingine alimkumbusha hila ya walanguzi wa zamani, ambao walitia unga wa mbao ndani ya giaboksi mbovu ili inyamaze kwa siku chache mpaka mnunuzi aondoke nayo. Mkulima alikataa hila hiyo, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini hakutafuta ushauri mwingine. Asubuhi moja ya mvua, karibu na Kimende, ulisikika mshindo chini ya miguu yake, na mkono wa gia ukakataa kusogea. Gari liliburutwa mpaka gereji. Kabichi zilikaa juu yake siku tatu, na karo ya kijana wake aliyekuwa kidato cha tatu ilikuwa katika kabichi zile.

Fundi alipokifungua kizibo cha chini cha giaboksi hakikutoka kitu ila vijiko vichache vya uji mweusi, na ndani yake vipande vya chuma vikimetameta.

"Mzee," akauliza kwa adabu, "giaboksi hii ilipimwa mafuta lini?"

"Mafuta natia kila mwezi, kijana wangu. Uliza hata nyumbani kwangu."

"Hayo ni ya injini, mzee. Nauliza ya giaboksi."

Mkulima alinyamaza. Kisha akasema, "Sikujua kwamba ni nyumba mbili."

Fundi hakumcheka, maana hakuwa mtu wa kwanza kusema maneno hayo. Walakini giaboksi haikutengenezeka. Ilimlazimu mkulima kuuza ng'ombe mmoja aliyekuwa akikamwa ili anunue giaboksi nyingine iliyokwisha kutumika. Mafuta ambayo yangeiokoa ile ya kwanza hayakuzidi lita moja na kidogo, na kazi ya kuyatia haizidi saa moja.

KAZI YA MAFUTA HAYO

Ndani ya giaboksi mna magurudumu ya meno yanayosukumana, shafti zinazozunguka juu ya beringi, na pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Shafti ya chini hulala ndani ya mafuta. Inapozunguka, meno yake huyachota mafuta na kuyarusha juu, na hivyo vyuma vyote vya juu hunyeshewa kama kwa mvua. Katika giaboksi nyingi za zamani hakuna pampu. Kazi yote hufanywa na mrusho huo. Basi mafuta yakishuka chini ya kipimo chake, mvua ile hupungua. Vyuma vya juu hukauka kwanza, hupata moto, hupoteza ugumu wake, na mwishoe hukatika.

Ndiyo sababu mlio wa gari la mkulima ulikoma katika gia ya nne. Katika giaboksi ya namna ile, gia ya nne huunganisha moja kwa moja shafti itokayo katika injini na shafti iendayo nyuma, na shafti ya chini haibebi mzigo. Mlio unaosikika katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ukanyamaza katika ya nne, ni habari iliyotoka katika shafti ya chini na beringi zake. Si dalili ya kupuuzwa. Dalili nyingine ni gia kukwaruza zinapoingia, mkono wa gia kuwa mgumu, gia kuruka zenyewe gari linapoteremka mlima, na doa la mafuta mahali gari lilipolala.

Lakini neno kubwa ambalo kila mwenye gari yampasa kulishika ni hili: mafuta ya giaboksi hayaungui. Injini kuukuu huweza kuunguza mafuta yake na kuyatoa kwa moshi, na mwenye gari akaongeza kidogo kila juma bila kushangaa. Giaboksi haina moto ndani yake. Mafuta yaliyotiwa leo yapaswa kuwamo kwa kipimo kile kile mwezi ujao. Yakiwa yamepungua, yametoka kwa tundu fulani. Kwa hiyo kupima mafuta hayo ni sawa na kuuliza swali, na kuongeza mafuta bila kutafuta yalipotokea ni kumimina maji katika pakacha.

KABLA YA KUINGIA CHINI YA GARI

Jambo la kwanza si mafuta, bali ni uhai wa mtu. Watu wamekufa kwa kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki imefanywa kuinua gari ili gurudumu libadilishwe. Haikufanywa kulishikilia wakati mtu amelala chini yake. Matofali ya simiti yenye matundu hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafula bila kuonya. Mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine hayafai pia. Kinachofaa ni shimo la gereji, au miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikisimamishwa juu ya ardhi ngumu.

Gari lisimame mahali palipo sawa kabisa. Breki ya mkono ivutwe, gari litiwe gia, na magurudumu yazuiwe kwa vipande vya mti mbele na nyuma. Gari refu, kama Land Rover au pikapu nyingi za zamani, huweza kufikiwa pasipo kuinuliwa. Yatosha kutandika gunia na kulala chini. Gari fupi likihitaji kuinuliwa, liinuliwe ncha zote nne kwa kiasi kimoja. Mtu akiinua mbele tu, mafuta hukimbilia nyuma ya giaboksi, na kipimo atakachokiona ni cha uongo. Atadhani yamepungua ilhali yamejaa, au yamejaa ilhali yamepungua, kwa kadiri ya mahali kizibo kilipo.

Gari lililotoka safarini liachwe kwanza lipoe kama robo saa. Mafuta yaliyochafuka kwa mwendo yana povu na hayaonyeshi kipimo cha kweli, tena bomba la moshi lililo jirani na giaboksi huweza kumchoma mtu vibaya.

NAMNA YA KUPIMA

Katika giaboksi nyingi kuna vizibo viwili. Kimoja kipo ubavuni, nacho ni cha kujazia na cha kupimia pamoja. Kingine kipo chini kabisa, nacho ni cha kumwagia. Mwenye gari asivichanganye. Aangalie kitabu cha gari lake. Na kama kitabu kimepotea, amwulize fundi anayeijua aina hiyo.

Kabla ya kugusa spana, asugue kwa brashi matope yote yaliyo kando ya kizibo, kisha apanguse kwa kitambaa. Barabara za vumbi hujaza mchanga mahali hapo, na chembe za mchanga zikiingia ndani huwa kama tupa juu ya beringi. Atumie spana inayokaa sawasawa. Vizibo vingi vina tundu la pembe nne au la pembe sita, na spana iliyolegea huyala yale mapembe, na kisha kizibo hakifunguki ila kwa patasi na hasara.

Kama nia ni kubadili mafuta yote, na si kuongeza tu, iko kanuni moja ambayo mafundi wazuri hawaivunji: kizibo cha juu hufunguliwa kwanza. Mtu akianza na cha chini, akayamwaga mafuta yote, kisha akaona kizibo cha juu kimeshika kutu na hakifunguki, gari lake litakuwa limefungwa mahali hapo bila tone la mafuta.

Kizibo cha ubavuni kikiisha kufunguka, mafuta yakichuruzika kidogo, kipimo ni kizuri. Yasipotoka, mtu aingize ncha ya kidole iliyopindwa, au waya safi uliokunjwa, aone yamefika wapi. Yapaswa kufika sawa na ukingo wa chini wa tundu. Yakiwa chini kidogo, yaongezwe. Kidole kisipoyagusa kabisa, gari hilo lisiende safari nyingine mpaka limejazwa.

Mafuta yaliyoshika kidole yatazamwe katika mwanga. Mafuta yaliyotumika huwa yamefifia rangi, na hilo si baya. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Hili hupata magari yaliyovuka mito iliyofurika. Mafuta ya namna hiyo hayaongezwi, humwagwa yote na kutiwa mapya. Yakinuka kuungua, giaboksi ilikwisha kupata joto kubwa. Kama kizibo cha chini kina sumaku, ute laini wa kijivu uliojishika hapo ni jambo la kawaida, kwa kuwa chuma husagika kidogo kidogo. Lakini vipande vinavyoweza kuhesabiwa, au ncha ya jino la gia, ni neno la kumwita fundi siku ile ile.

MAFUTA GANI?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mafuta mazito zaidi ndiyo bora zaidi. Peugeot 504 yenyewe ni mfano mzuri. Gari hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa Gari la Mwaka katika Ulaya mwaka 1969, na likajipatia sifa Afrika Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Kwa miaka mingi lilibeba abiria na mizigo katika njia mbaya kuliko nyingine. Hata hivyo giaboksi yake haikufanywa kwa mafuta mazito ya gia. Watengenezaji waliagiza itiwe mafuta ya injini, ya namna ambayo hutumika baridi na joto. Ni difu ya nyuma ndiyo iliyoagizwa mafuta ya gia. Mtu anayetia mafuta ya difu katika giaboksi hiyo, akidhani ameiheshimu, hufanya gia ziwe ngumu asubuhi ya baridi na pete za shaba zishindwe kufanya kazi yake.

Land Rover za zamani za Series II na III hutaka mafuta ya gia ya kipimo cha 90. Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma hutaka vivyo hivyo, na giaboksi na difu yake ni nyumba moja yenye lita mbili na nusu hivi. Austin Mini ya gia za mkono ina desturi nyingine kabisa: gia zake huoga katika mafuta yale yale ya injini, na hakuna kizibo cha pekee cha kutafuta. Kwa hiyo kitabu cha gari, si desturi ya duka, ndicho chenye neno la mwisho.

Namba zilizoandikwa kopoini pia zataka kueleweka. Namba 90 ya mafuta ya gia na namba 50 ya mafuta ya injini hazipimwi kwa mizani moja. Mafuta ya gia ya 90 yana uzito unaokaribiana na ule wa mafuta ya injini ya 40 au 50, ingawa namba yake yaonekana kubwa. Tena kuna alama za GL-4 na GL-5. Hizo hazisemi uzito, bali husema nguvu ya dawa zilizochanganywa ili meno yasikwanguane chini ya mzigo mkubwa. GL-5 ina dawa nyingi zaidi na hufaa difu. Lakini katika giaboksi nyingi za zamani zenye pete za shaba, dawa hizo huweza kuila shaba, au mafuta yakawa na utelezi uliozidi hata pete zisishike. Mwenye gari la zamani ambalo kitabu chake chaagiza GL-4 asikubali kupewa GL-5 kwa maneno kwamba tano ni kubwa kuliko nne.

NAMNA YA KUONGEZA

Tundu la ubavuni halimiminiwi moja kwa moja kutoka kopoini. Kuna pampu ndogo za mkono zinazouzwa kwa kazi hii. Asiye na pampu huweza kutumia mpira mwembamba safi na faneli: ncha moja ya mpira huingizwa tunduni, na nyingine hupandishwa juu kupitia upande wa injini, boneti ikiwa wazi, na mtu wa pili humimina polepole. Mmoja akiwa juu na mwingine chini, wasemezane, ili anayemimina aache mara tu mwenzake anapoona mafuta yakirudi.

Haraka haifai. Mafuta ya gia ni mazito, nayo huchukua muda kuenea. Hasa katika Volkswagen ya zamani, mafuta yakitiwa kwa haraka hufurika tunduni kama kwamba nyumba imejaa, kumbe hayajafika upande wa pili. Ni vema kungoja dakika chache na kujaribu tena. Yanapoanza kutoka, yaachwe yachuruzike mpaka yabaki matone, ndipo kizibo kirudishwe.

Kujaza kupita kipimo si ukarimu. Mafuta yaliyozidi hutoka povu, hupata joto, na hutafuta njia kupita sili. Yakitokea mbele hufika kwenye klachi, na klachi iliyolowa mafuta huteleza gari linapopanda mlima. Basi mtu aliyetaka kuiokoa giaboksi atanunua na klachi.

Kizibo kirudishwe na washa mpya ya shaba kama ya zamani imekwisha kubanwa bapa. Kianzwe kwa vidole ili nyuzi zake zishike sawa, kisha kikazwe kwa spana kwa nguvu ya kiasi. Giaboksi nyingi zimesubuwa kwa aluminiamu, nayo ni laini. Mtu mwenye nguvu nyingi na spana ndefu huharibu nyuzi zake kwa mvuto mmoja. Mafuta yaliyomwagika yapanguswe yote, ili kesho tone jipya litambulike kuwa ni jipya.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni wala mtoni, kwa maana kiasi kidogo huharibu maji mengi ambayo wengine watayanywa. Yatiwe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa gereji ambako hukusanywa. Na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa mafuta yaliyotumika huidhuru ngozi.

YALIKOKWENDA

Kazi ikiisha, hubaki lile swali. Yalitokea wapi? Asubuhi ya pili mwenye gari atandike karatasi safi ya boksi chini ya giaboksi, aone tone linaangukia wapi. Likianguka nyuma, mahali propela inapoingia, sili ya nyuma imekwisha. Likianguka katikati, labda ni washa ya kizibo cha chini. Likitoka mbele, mahali injini na giaboksi zinapokutana, huenda ni sili ya mbele ya giaboksi, au huenda ni mafuta ya injini, na hapo fundi huhitajika ili azitenganishe habari hizo mbili.

Land Rover ina fumbo lake. Giaboksi kubwa na ile ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma zimeshikana, na kila moja ina mafuta yake na kizibo chake. Mara nyingine mafuta ya ile kubwa hupungua wala chini hakuna doa hata moja. Mwenye gari akifungua kizibo cha ile ndogo, huona yamefurika. Hayakuvuja nje, yamehamia nyumba ya pili kwa njia ya sili iliyokufa katikati. Ndiyo sababu zote mbili hupimwa siku moja.

Jambo jingine dogo ambalo husahauliwa ni kitundu cha kupumulia kilicho juu ya giaboksi nyingi. Giaboksi ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kwa kitundu hicho. Kikizibwa na matope, hewa hiyo huyasukuma mafuta yapite sili hata zilizo nzima. Watu wamenunua sili mpya mara mbili, ilhali dawa ilikuwa ni kusafisha kitundu kwa waya mwembamba.

DAFTARI LA MKULIMA

Yule mkulima wa Kinangop bado anaendesha pikapu yake. Baada ya msiba ule alinunua daftari la shule, la kurasa 32, akaliweka chini ya kiti. Kila anapobadili mafuta ya injini hupima pia giaboksi na difu, na huandika mambo matatu: tarehe, kilometa zilizosomeka, na kiasi alichoongeza. Mara nyingi kiasi ni sifuri, naye huandika sifuri, kwa kuwa sifuri nayo ni habari njema.

Kisha kukatokea safari moja ambayo haikuwa sifuri. Aliongeza nusu ya kikombe. Mara iliyofuata aliongeza kikombe kizima. Mlio haukuwapo, wala gia hazikuwa ngumu, na mtu asiyeandika angesahau kile kikombe cha kwanza. Yeye alilichukua daftari akaenda nalo gereji, akalifungua mbele ya fundi yule yule.

"Kijana wangu," akasema, "nyumba ya pili inavuja. Sijui ni mlango upi."

Fundi aliingia chini kwa taa, akaona sili ya nyuma imekauka na kupasuka. Ilibadilishwa kabla ya saa sita mchana. Jioni ile gari lilipakia kabichi kama kawaida, na ng'ombe aliyebaki alikamwa kama kawaida.

Katika magari ya siku hizi ziko giaboksi ambazo watengenezaji husema hazihitaji kuongezwa mafuta, lakini gari kuukuu halimo katika ahadi hiyo. Lenyewe huomba saa moja kila baada ya kilometa elfu chache, mahali palipo sawa, kitambaa kimoja, spana inayokaa vema, na mafuta yaliyoagizwa na kitabu chake. Anayelinyima hayo hulipa baadaye kwa mali aliyoikusudia kazi nyingine. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa giaboksi ni tone moja juu ya karatasi ya boksi, linalongojea mtu wa kulitazama.